Harbin Si Pretoria

Mimi ndiye niliyesema kwamba Harbin ni jirani na Guangzhou. Niliyasema hayo saluni kwa Mama Espe, mbele ya watu, nywele zangu nusu zimesukwa na nusu zimesimama, na hakuna aliyeniuliza nimejuaje. Wangeuliza vipi? Hapa Bertrams nzima inanijua: Zuhura wa Tanga, muuza mapazia wa mjini, anayekwenda China kufuata mzigo kama wengine wanavyokwenda Soweto kusalimia.

Mama Espe ni mtu wa Bukavu. Ndiye anayenisuka tangu nilipohamia mtaa huu, na kwa umri ni dada yangu mkubwa. Mwanawe wa pekee, Esperance, alimaliza shule hapa Johannesburg akaenda kusomea udaktari Harbin, na tangu aondoke walikuwa wakionana kwenye simu tu. Siku ile saluni habari ilikuwa moja: Espe anahitimu.

"Mudogo wangu," Mama Espe akaniuliza, "weye unajua ile China. Kutoka pale unaendaka mpaka kwa Espe, ni mbali?"

"Mbali wapi, dada! Ni kama hapa na Pretoria. Unapanda ndege, chai hujamaliza, umefika."

Akaweka kitana chini, akanishika mikono yote miwili. "Basi nitafwata weye."

Harbin sikuwahi kufika. Nilichojua ni kwamba ni mji wa barafu, kwa sababu niliwahi kuona picha za majumba ya barafu. Hilo nalo nikamwambia, na kesho yake akaenda mjini kwenye nguo za mitumba akajinunulia koti zito jeusi, linalofika vifundoni, lenye manyoya shingoni.

Johannesburg mpaka Guangzhou

Tuliondoka wakati baridi ya Johannesburg imeshika, kwa hiyo koti lile lilikuwa na kazi mpaka uwanja wa ndege. Begi lake kubwa lilikuwa limejaa zawadi za mtoto: vitenge, unga wa muhogo, sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu waliokaushwa, ambao mtu alimletea kutoka Bukavu, na chupa kubwa ya mawese aliyoifunga kwenye mifuko mitatu na kanga juu yake.

"Espe aliniomba kintu moja tu," alinieleza. "Akasema, mama, diplome nitaipata, lakini mawese huku haiko."

Tulibadilisha ndege Addis Ababa. Mama Espe alikuwa hajapanda ndege maishani. Kutoka Bukavu mpaka Johannesburg alikuja kwa mabasi na malori. Kila chakula kilipoletwa aliomba dua ndefu kwa sauti, mpaka mhudumu akawa anasubiri "amina" ndipo ampe soda. Watu waligeuka kutazama. Nami, nawaambieni, nilitazama dirishani. Sikuwa nimefanya kosa lolote, lakini mwili wangu ulikuwa umeshaanza kusogea kando.

Guangzhou

Guangzhou ilitupokea kwa joto la kama kufungua sufuria. Mvua inanyesha, inaacha, inanyesha. Nilikuwa nimepanga tukae siku chache, nimalize biashara zangu, kisha tupande kwenda Harbin asubuhi ya siku ileile ya mahafali. Sherehe ilikuwa alasiri. Kwa hesabu yangu ya Pretoria tungefika na muda wa kuoga ungebaki.

Kila asubuhi Mama Espe aliamka, akavaa, akakaa kitandani na mkoba mapajani.

"Leo njo tunaenda?"

"Bado dada. Nina mapazia ya kuangalia."

Siku moja nilimpeleka kula kwa Waislamu wa Kichina, wale wenye kofia nyeupe wanaovuta tambi kwa mikono mpaka zinakuwa nyembamba kama uzi. Alimtazama mpishi akivuta, akakunja, akavuta tena, akacheka mpaka machozi. "Huyu angesuka nywele, batu bote ba Bertrams bangeniacha!" Mpishi alidhani anacheka chakula chake, akanuna. Nikainuka kumweleza kwa ishara za vidole na nywele, naye akafahamu kwamba tumekuta unywele kwenye bakuli. Tukaletewa bakuli jingine bure, na mwenye hoteli akaja kuinama mbele yetu. Hiyo ndiyo siku tuliyofurahi.

Jioni yake nilikuwa dukani kwa Bwana Lin, mtu ninayenunua kwake vitambaa siku zote. Katika mazungumzo nikamwambia tunaelekea Harbin. Akainua macho.

"Harbin? Mbali sana. Ndege moja kwa moja, karibu saa tano hewani."

Nikadhani Kiingereza chake kimeteleza. Akanionyesha kwenye simu. Kutoka Johannesburg mpaka Dar es Salaam ndege huchukua saa tatu na kitu. Huku ni mbali kuliko nyumbani. Tiketi nilikuwa nayo siku zote hizo, na nilikuwa nimetazama saa ya kuondoka tu, kama mtu anayejua njia.

Nilirudi hotelini nikamkuta ameketi palepale kitandani.

"Mudogo wangu, mu ndege ni saa ngapi mpaka kwa Espe? Nataka nimwambie."

Hapo ningeweza kusema. Neno lilifika mdomoni. Lakini nilikumbuka saluni, nilikumbuka wale wanawake wote waliokuwa wakitikisa vichwa nilipokuwa nikiongea, nikasema, "Saa moja na kidogo."

Tena nikaongeza lingine. Sampuli zangu za mapazia zilikuwa nyingi, begi langu likakataa kufunga. Nikatoa baadhi ya vitu vya Mama Espe nikaingiza sampuli zangu kwenye begi lake. "Mawese na samaki utabeba mkononi," nikamwambia. "Ndege za ndani hazina shida, ni kama basi." Alikubali kila kitu. Angekataa vipi? Mimi ndiye niliyekuwa najua China.

Penye ukaguzi

Asubuhi ya safari niliomba dereva wa teksi apite kwanza ghalani nikahakikishe mzigo wangu umefungwa sawasawa. Dakika chache tu, nilisema. Ghalani kukawa na ubishi wa marobota, nje mvua ikamwagika, na tulipotoka barabara ilikuwa imejaa magari mpaka robot, taa ya barabarani, ikiwaka kijani hakuna anayesogea. Mama Espe alikaa kiti cha nyuma, amekumbatia mfuko wake, amevaa koti kwa sababu halikuwa na mahali pengine pa kukaa. Jasho lilimtiririka.

Uwanjani tulikimbia. Mimi nilitangulia nikapita kwenye mashine. Nilipogeuka kuvaa viatu, niliona mfuko wake umewekwa pembeni na askari wa ukaguzi, msichana mwenye glavu, anafungua kanga. Ile mifuko mitatu ilikuwa imepasuka. Mafuta mekundu yalikuwa yamemwagika juu ya meza, yanatiririka sakafuni, na harufu ya sambaza ikapanda pale mahali pote. Watu kwenye foleni waliziba pua. Wengine wakanyanyua simu kupiga picha.

Askari alitaka chupa. Mama Espe aliishikilia kwa mikono miwili.

"Ni ya mutoto wangu!" alisema, kwanza kwa Kiswahili, halafu kwa Kifaransa, halafu kwa Kiingereza. "My child! My child!" Koti jeusi mpaka chini, mikono myekundu ya mafuta, kilemba kimelegea.

Askari akatazama huku na huku, akaniona mimi, mweusi mwingine pekee aliyekuwa karibu. Akaja na simu yake ya kutafsiri, akasema maneno kwa Kichina, simu ikatamka kwa Kiingereza: je, mnasafiri pamoja?

Saa ya ukutani ilikuwa inasema lango linafungwa. Watu walikuwa wananitazama.

Nikajibu, kwa sauti ya kutosha: "Hapana. Simjui."

Mama Espe amesuka wateja wa Johannesburg miaka mingi. Kiingereza cha namna hiyo anakielewa. Aliacha kuvutana na ile chupa. Aliiachia tu, askari mwingine akaichukua, naye akabaki amesimama mikono imeelea mbele yake kama ya mtu aliyemaliza kukanda unga. Hakuniita.

Nikaenda. Njia nzima nilijiambia kwamba naenda kuizuia ndege, kwamba nikifika langoni nitawaeleza, kwamba tungekwama wote wawili isingemsaidia yeyote. Nilifika langoni natweta. Abiria walikuwa wamekaa, wengine wamelala. Kwa sababu ya radi hakuna ndege iliyokuwa inaruka, na yetu haikuwa na saa ya kuondoka.

Basi hapo hata ile sababu yangu ilikufa. Muda wa kurudi kumfuata ulikuwepo, tele. Miguu ilikuwepo. Nilikaa. Nilikaa kwa sababu kurudi kungekuwa kumtazama usoni, nami nilishindwa. Nilitazama mvua ikipiga vioo, nikawa naomba Mungu amlete bila mimi kumwendea.

Akaletwa. Aliletwa na askari yuleyule, wamepanda kile kigari cha kubebea wazee. Mikono yake ilikuwa imefutwa safi, kilemba kimefungwa upya, na mfuko wa sambaza uko mapajani umefungwa kwa utepe wa plastiki. Chupa haikuwepo. Askari alishuka akatembea katikati ya viti akitafuta, Mama Espe nyuma yake, mpaka wakasimama mbele yangu.

Msichana yule alinitazama. Akamtazama Mama Espe. Akanitazama tena, na niliona anakumbuka.

"My sister," Mama Espe akamwambia, akinionyesha. "She is tired."

Askari akainamisha kichwa kidogo, akaondoka. Mama Espe akakaa, akaacha kiti kimoja kitupu katikati yetu, akaweka mfuko wa samaki juu yake.

Guangzhou mpaka Harbin

Tuliruka mchana. Viti vyetu vilikuwa pamoja: mimi dirishani, yeye katikati, na mzee mmoja wa Kichina upande wa njia. Mzee alikuwa na mfuko wa mbegu za alizeti. Alimpa Mama Espe, akanipa na mimi, kisha akaunganisha vidole vyake viwili vya shahada, akatunyooshea kidevu: ninyi ni ndugu?

Mama Espe akatikisa kichwa kukubali. Mzee akafurahi, akaongeza mbegu.

Sijawahi kuona ndege isiyofika kama ile. Darini kulikuwa na kioo kidogo chenye ramani, na kijindege cheupe kikitambaa juu yake. Tukavuka mto mkubwa. Chai ikaja, nikaimaliza. Chakula kikaja, nilikuwa nimesahau kuagiza cha Kiislamu, nikala tunda na mkate. Mama Espe alikula wali wake kimya na hakuomba dua kwa sauti. Hilo liliniuma kuliko yote. Alinyamaza kwa ajili yangu, asije akaniaibisha.

Kijindege kikafika karibu na Beijing. Mimi siku zote nilidhani Beijing ndiyo mwisho wa China juu kule. Kikapita, kikaendelea.

"Dada," nikaanza.

Alikuwa amefumba macho. Nikageukia tena ramani. Akasema, bila kuyafumbua:

"Mudogo wangu. Pretoria haiyafika bado?"

Mzee wa mbegu akatabasamu, akidhani tunapiga soga. Nilitaka sakafu ya ndege ifunguke. Nilikuwa na safari yote iliyobaki ya kusema neno moja tu, nisamehe, na kiti kilikuwa hakiniruhusu kwenda popote. Sikulisema. Nilijiambia nitalisema tukishuka, kwenye utulivu. Mtu mwenye aibu hupenda sana kuahidi.

Tulipotua na simu yangu ikashika mtandao, sauti za Espe zikaingia zimefuatana. Mama yake akasogea. Nikashika simu kati yetu.

Ya kwanza: "Aunty Zuhura, mko wapi? Tunavaa gowns sasa." Ya pili: "Eish, Aunty, programme imeanza. Mwambie Mama nimemwekea kiti mbele, na bag yangu iko juu yake." Ya tatu haikuwa na maneno ya Espe. Ilikuwa kelele ya ukumbi, makofi, mtu anasoma majina kwa kipaza sauti, Kichina, Kichina, kisha polepole, kwa shida, kama anayevuka mawe mtoni: E-spe-rance. Makofi. Halafu pumzi ya mtoto mwenyewe, anatembea na simu mfukoni.

Abiria walikuwa wamesimama wanashusha mabegi. Mama Espe alikaa na koti lake, amefumba mdomo kwa kiganja.

"Rudisha," alisema.

Nikarudisha. Tulisikiliza mpaka mhudumu akaja kutuomba tushuke.

Harbin

Harbin mwezi huo ni joto. Watu wamevaa kaptura, watoto wanakula aiskrimu, jua bado linawaka kama hakuna habari ya barafu duniani. Mama Espe alitoka mlangoni akiwa na koti lenye manyoya, na watu wakampisha njia.

Espe alikuwa amekuja na joho lake na kofia yake ya pembe nne. Alimwona mama yake akapiga ukelele, wakakutana katikati ya matoroli, wakaanguka wote wawili magotini. Sitaeleza zaidi, ile ilikuwa yao. Nilisimama na mabegi, moja likiwa na sampuli za mapazia mahali pa mawese.

Walipoinuka, Espe akamvua mama yake koti, akamvisha lile joho, akamwekea na kofia juu ya kilemba.

"Mama, what happened? Nilikuwa na-worry."

Mama Espe akanitazama. Alinipa nafasi. Najua sasa kwamba alinipa nafasi. Nilikuwa natazama kamba za viatu vyangu.

"Ni mvua, mutoto wangu," akasema. "Kule mvua ilikuwa nyingi."

Espe akanikumbatia. "Aunty, thank you. Bila wewe Mama hangefika. Wewe ni mama yangu wa pili, wallahi." Neno hilo la wallahi alijifunza kwangu, utotoni.

Jioni alitupeleka kwenye mgahawa mdogo karibu na mto. Mji huo una soseji nyekundu za nguruwe kila kona, naye Espe alikuwa amezunguka siku mbili kutafuta nyumba ya Waislamu wanaopika maandazi ya mvuke ya nyama ya kondoo, ili mimi nisikae na njaa. Sambaza walikaangwa jikoni kwa ruhusa ya mwenye mgahawa, ambaye aliwaonja, akaomba tena. Espe aliwala kwa macho yaliyofumbwa.

"Na mawese?" aliuliza.

"Ilimwangika," mama yake akajibu. "Usijali. Utaikuta nyumbani."

Tulikaa siku kadhaa. Espe alitutembeza kando ya mto, watu wanacheza muziki, wengine wanaogelea. Nilibeba mifuko yao, nilipiga picha zao, nilinunua matunda kabla hawajasema wanataka. Nilifanya kila kitu isipokuwa kile kimoja. Usiku, chumbani kwa Espe, Mama Espe alilala na mwanawe kwenye kitanda kimoja chembamba, na walipokuwa wakicheka upande wa pili wa pazia nilijifanya nimelala.

Bertrams

Tumerudi, na mengine mnayajua. Mama Espe aliwasimulia ninyi safari nzima pale saluni: askari aliyempandisha kigari, mzee wa mbegu, jina la mwanawe kusomwa kwa Kichina. Mlicheka, mlilia. Mnakumbuka alivyosema juu yangu? "Zuhura alinibeba sawa mutoto." Basi wamama wa kanisa lake wakaja dukani kwangu na kitenge kizuri cha rangi ya zambarau, wakaimba, wakanizungushia mabegani. Mimi nikakipokea. Nikasimama katikati yao tukapigwa picha, na kwenye picha nimecheka, meno yote nje.

Juma lililofuata nilikwenda saluni asubuhi mapema, kabla ya wateja. Alikuwa anafagia nywele za jana.

"Dada," nikasema, "kule penye ukaguzi niliulizwa, nikasema sikujui."

Aliendelea kufagia. "Nilisikia."

"Naomba unisamehe."

"Kusamehe nilisamehe palepale, mbele ndege iruke. Ningefanya nini? Ningefika kwa mutoto wangu na roho nyeusi?" Akainama akazoa nywele, akazimwaga pipani. "Lakini nilikuwa nangoja useme. Mu ndege nilingoja. Kwa Espe nilingoja. Nikaona weye na bamama ba kanisa mu picha, nikasema bon, huyu hatasema tena."

"Nimesema sasa."

"Umeniambia miye," akajibu, na hapo ndipo aliponitazama. "Miye nilikuwa najua."

Mteja wa kwanza akaingia, akamkalisha kitini, akaanza kumchambua nywele. Hakunifukuza. Nilikaa kwenye benchi mpaka adhuhuri, tukazungumza habari za bei ya rasta na Espe kuanza kazi hospitali, naye akanipa chai. Kikombe kilikuwa kilekile anachowapa wateja wote.

Kwa hiyo nawaandikia ninyi mlioniuliza, msiojua: safari ilikuwa hivyo. Harbin ni mbali na Guangzhou kuliko Dar na Johannesburg, na msimpeleke mtu huko kwa neno langu. Kile kitenge hakijakatwa, kimekunjwa dukani juu ya meza. Mkishasoma haya, mmoja wa wale wamama na aje: akikichukua nitampa kwa mikono miwili, akisema nishone, nitashona.